Milango ya Stesheni ya Mkonge

Kipawa, Jumatatu, 1 Machi 1954

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, kwa muda wa kuchemsha chai tu, kisha ikakata. Mzee Pazi, jumbe wetu, anasema hiyo ilikuwa kubisha hodi; masika yenyewe bado yako njiani.

Naanza kuandika leo kwa sababu leo tumepata jibu. Kampuni ya Kalfas imekubali kutupa ile stesheni ya mkonge tuifanye chumba cha uzazi. Sharti ni moja. Mkaguzi wao atakuja Jumamosi ya kwanza ya Juni. Akiikuta imesimama, ina paa na milango yake yote minne, anatia sahihi na inakuwa yetu. Akiikuta gofu, inabomolewa, na mawe yanakwenda kujenga ghala jipya la Kampuni kule Yombo.

Mume wangu Leodegar ni karani wa Kampuni, na yeye ndiye aliyetusomea barua hiyo barazani kwa Mzee Pazi. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Nilikuwa namkumbuka Rosalia, jirani yangu, aliyefia juu ya mkokoteni masika yaliyopita tukingoja maji ya Msimbazi yapungue tumfikishe hospitali. Mimi ni mkunga, nimesomea kazi hii kwa masista Bukoba, na siku ile sikuwa na hata paa la kumlaza chini yake.

Jumatano, 3 Machi

Nimekwenda mjini kuomba pamba na dawa za kuoshea vidonda. Sista mkuu wa wodi ameniambia niwe naenda kila Jumatano, atanipa kinachobaki. Ni mwendo mrefu. Nilirudi jua limeshatua na miguu imevimba.

Alhamisi, 4 Machi

Leo nimeikagua stesheni yetu chumba kwa chumba. Vyumba ni vitatu na baraza. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono wangu. Paa ni la bati zito la Kijerumani. Milango ni ya mvule, na hakuna mchwa aliyeigusa. Mbele ndipo kilipopita kijireli cha kubeba mkonge hadi kwenye reli kubwa. Shamba lilipokufa, na kijireli kikafa. Mwaka wa kumi na moja huu hakuna behewa lililopita. Nyasi zimefunika reli, mataruma ya mbao chini yake yameoza, tuta limebaki kuwa njia ya mbuzi.

Nyuma kuna kijichumba kilichokuwa cha kuwekea taa za ishara. Humo anakaa mzee mmoja, Albano, Mmwera wa Ndanda, aliyekuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Kazi ilipokwisha hakuna aliyemwambia aondoke, naye hakuondoka. Nilimkuta amepiga magoti relini na spana mkononi.

"Shikamoo, Mzee Albano."

"Marahaba."

"Unakaza bolti za nini, na gari moshi halipo?"

"Zisipokazwa zinalegea."

"Zikilegea?"

"Zinaondoka," akasema, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa.

Jibu hilo nimerudi nalo nyumbani. Mtu anayezijua bolti zote za mahali anajua pia namna ya kuzifungua.

Jumapili, 7 Machi

Misa Pugu. Mvua.

Jumanne, 9 Machi

Wanawake kumi na wawili tumefagia popo na kinyesi chao. Anastasia, ambaye mimba yake ni ya miezi mitano, alikataa kukaa, akabeba maji hadi nikamkaripia. Jioni Leodegar akaniuliza kama kesho nakwenda mjini. Akanichemshia mihogo mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa. Wanaume wa namna hii ni wachache.

Alhamisi, 11 Machi

Kengele ya stesheni haipo. Juzi nilimfutia Anastasia uso kwa khanga chini ya kengele hiyo hiyo. Jana nikiwa mjini, imeng'olewa na msumari wake.

Nimemuuliza Albano. Anasema jana alikuwa relini, upande wa bonde. "Hukusikia kitu?" Akajibu kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kweli ilikuwa kubwa. Lakini mtu akijibu jambo la kweli badala ya jambo aliloulizwa, mimi husimamisha masikio.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemweleza Leodegar wasiwasi wangu juu ya mzee yule. Akasema tusimhukumu mtu bila ushahidi. Kisha baada ya kula akaongeza, "Ingawa shaba inauzika." Sikuwa nimefikiria shaba.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Kuni zote mbichi.

Alhamisi, 25 Machi

Mabomba ya kuteremsha maji ya paa yameondolewa, yote mawili. Maji sasa yanapiga ukuta wa nyuma moja kwa moja. Tena ni baada ya safari yangu. Mwizi anaijua Jumatano yangu. Na nani anayeniona nikiondoka alfajiri kwa njia ya tuta? Mlango wa Albano unatazama tuta.

Nilipita mbele yake leo sikumwamkia. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumpita mtu mzima bila shikamoo. Aliinua kichwa, akangoja, kisha akainamia kazi yake. Anachonga miiko na vinu vya kuuza. Nilijisikia vibaya hadi dukani, halafu nikakumbuka kengele.

Jumanne, 6 Aprili

Leodegar anasema Kampuni huenda ikamtaka Moshi kwenye shamba lao kubwa, awe karani mkuu. "Nyumba ya matofali, Auleria. Maji ya bomba uani." Nikamwambia hongera, tuongee Juni ikipita. Akacheka, akaniuliza, "Kesho unakwenda?"

Alhamisi, 8 Aprili

Mlango umekwenda!

Si kitasa, si ubao. Ni mlango mzima wa chumba cha kaskazini, nilichokitenga kwa ajili ya wazazi. Mvule ule hauinuliwi na mtu mmoja. Bawaba zimefunguliwa vizuri, hazikuvunjwa, tena na mtu mwenye spana na mwenye subira. Nilisimama mbele ya lile tundu, mvua inaingia ndani.

Mzee Pazi alikuja na mwavuli wake, akachungulia. "Mwanangu, mlango hauna miguu. Umebebwa na gari au umebebwa na watu wanne."

"Kuna gari lililopita jana?"

"Lori la Kampuni tu, lile la kwenda Yombo. Linapita siku zote. Hilo silihesabu gari."

Basi ni watu wanne. Na mzee wa kuchonga vinu hakosi wateja wenye mabega.

Jumapili, 18 Aprili, Pasaka

Padre alihubiri juu ya jiwe lililoviringishwa kaburini. Nilikuwa nafikiria mlango. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 22 Aprili

Mlango wa pili. Chumba cha tiketi.

Tumebaki na miwili, na majuma sita. Wanawake wameanza kusema maneno. Mmoja kasema mahali hapa pana mashetani ya Kijerumani. Mwingine kasema mkunga anajua anachokifanya, kila siku mjini, nani ajuaye anauza nini huko. Nimeambiwa na Anastasia, na nimeanza kujiuliza kwa nini Anastasia ndiye anayeyasikia yote.

Ijumaa, 30 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo nilikuwa nalitaka tangu mwezi wa tatu, na sasa nimelifanya sijisikii kama nilivyotarajia.

Nilimwendea Mzee Pazi nikamwambia chumba cha Albano kikaguliwe. Hakutaka. Alisema yule mzee amekaa hapa kuliko wengi wetu, na mwezi wa Ramadhani unakaribia, si wakati wa kuvunjiana heshima. Nikamwambia masika yaliyopita tulimzika Rosalia, na mwaka huu nani atazikwa kwa ajili ya heshima? Hapo akachukua bakora yake.

Tulikwenda watu kama ishirini, saa nne asubuhi, na Leodegar kwa kuwa Kampuni ilikuwa imempa ruhusa siku hiyo. Albano alikuwa mlangoni anapiga randa. Hakuuliza tunataka nini. Alisogea kando.

Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, rozari ukutani, na sanduku. Nililifungua mimi mwenyewe. Chini ya blanketi palikuwa na taa ya ishara ya shaba, ile kubwa, na kufuli la Kijerumani la mlango wa stoo. Sikuwa nimejua hata kwamba vimeondoka.

Nikavitoa hadi barazani mbele ya stesheni, nikaviinua juu, watu wakavuma kama nyuki.

"Mzee Albano," akasema Mzee Pazi, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, "hivi vimefikaje humu?"

"Nilivichukua."

"Kwa nini?"

"Visichukuliwe."

Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Visichukuliwe na nani? Mtaje!"

Albano akanitazama, kisha akatazama nyuma ya bega langu, aliposimama Leodegar. Akafungua mdomo. Akaufumba. Akasema, "Wewe ni mkunga, mama. Una kazi kubwa. Sitaki kuiharibu nyumba yako."

Nikaona ananitisha. Nikasema mbele ya wote, nikiwa nimesimama pale barazani juu ya ngazi, maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Huyu ni mwizi. Anawaibia watoto wasiozaliwa bado. Aondoke Kipawa leo."

Akaondoka. Alichukua zana zake, kitanda na rozari. Alikwenda kwa njia ya tuta, na pale kwenye njia panda ya reli aliinama, akakaza bolti moja, akaendelea.

Jumatatu, 3 Mei

Kimya. Leodegar amenisifu kwamba nina moyo. Mvua imepungua. Tumepaka chokaa chumba kimoja.

Ijumaa, 7 Mei

Wenzetu Waislamu wamefunga siku ya nne leo. Jumatano hii nilipokuwa mjini hakikupotea kitu. Namshukuru Mungu. Nilikuwa sahihi.

Alhamisi, 13 Mei

Mlango wa tatu.

Nimekaa chini kwenye udongo kama mtoto. Albano hayupo, yuko Temeke, watu wanasema anafanya kazi kwenye banda la maseremala. Nikajiambia amerudi kulipiza kisasi. Nikamwambia hivyo kila aliyekuja. Anastasia, ambaye naye ni mtu wa kusini, akaniuliza polepole, "Dada, mtu akienda kulipiza kisasi hubeba mlango? Si angeutia moto?"

Nilimwambia arudi nyumbani akainue miguu.

Jumamosi, 15 Mei

Nimeshinda nawatazama watu. Mzee Pazi anajenga banda uani. Mbao zake katoa wapi? Nimepita kuziangalia: minazi. Fundi chokaa kaja na viatu vipya. Muuza samaki kauliza mkaguzi anakuja lini. Yeye inamhusu nini? Nimeviandika vyote hivi nikavisoma, nikaona kwamba hakuna mtu hapa Kipawa ambaye sijamshuku, isipokuwa yule anayelala kitanda kimoja nami. Nikamshukuru Mungu kwa huyo mmoja.

Jumatano, 19 Mei

Leo sikwenda mjini. Nilimwambia Leodegar jana kwamba nitabaki, nikae stesheni mchana kutwa. Akasema ni vizuri. Mihogo hakuchemsha. Nimekaa barazani tangu asubuhi hadi jioni. Lori la Kampuni lilifika karibu na tuta, likasimama, dereva akaniona, akanipungia mkono, akageuza gari.

Yombo iko upande wa huku. Ameligeuza kwa nini?

Alhamisi, 20 Mei

Nimemuuliza Leodegar kuhusu lori. Anasema tope.

Tope halikuwapo jana. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Mei

Msimbazi umefurika. Hakuna anayekwenda mjini wala anayekuja.

Jumapili, 30 Mei

Ilibidi nifue suruali ya kazi ya Leodegar. Magotini kuna unga mwekundu, unga wa mvule. Nikajiambia: karani anapita ghalani, ghalani kuna mbao. Nikaifua mara mbili.

Jumamosi, 5 Juni

Nitaandika yote leo, nisiruke kitu.

Mkaguzi alifika saa tatu. Ni Mgoa mtaratibu, mwenye kofia ya majani na jalada chini ya kwapa. Wakazi wote walikuwapo, wengine bado wamevaa nguo za Idi. Tulikuwa tumeikinga milango iliyopotea kwa mikeka mipya ya ukindu, tukafagia hadi chini kung'aa. Alizunguka, akagonga kuta, akasema kuta ni nzuri sana, paa ni zuri. Kisha akasimama mbele ya mkeka.

"Milango?"

"Tumeibiwa, bwana," akasema Mzee Pazi. "Mitatu. Mwizi tulimfukuza, lakini..."

"Mbona barua yenu haisemi wizi?"

"Barua gani?"

Akafungua jalada, akaweka karatasi juu ya ukingo wa baraza. Akaisoma. Ilisema kwamba sisi wakazi wa Kipawa tumekaa tukafikiri, tumeona jengo ni bovu, limejaa popo na halifai kuzalia, na tunaiomba Kampuni ilibomoe na kutumia milango na mawe kama ipendavyo. Chini palikuwa na dole gumba, na jina la Mzee Pazi.

Mzee Pazi akarudi nyuma kama aliyepigwa. "Mie? Mie sijatia dole kwenye karatasi hiyo! Wallahi na swaumu niliyofunga!"

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Niliyaona maandishi. Ile K kubwa yenye mkia unaopita chini ya herufi tatu zinazoifuata. Nilipokea barua zenye K ile kwa miaka miwili, nikiwa msichana shuleni kwa masista, nilizificha chini ya godoro. *Kwako Mpenzi.* Na hapa, *Kwa niaba ya wakazi.*

Mkaguzi akasema, "Basi kuna mtu ameandika. Nani?"

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Albano!" Wengine wakaitikia. "Albano huyo! Kisasi!"

Albano hajui kuandika. Kila mtu pale anajua hivyo. Mimi najua hivyo, nilimwandikia mwenyewe jina lake kwenye daftari la kanisa. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: mzee hajui kuandika. Nilimtazama Leodegar. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikanyamaza.

Mkaguzi ni mtu wa haki. Alisema barua yenye dole la uongo hawezi kuifuata, lakini nyumba isiyo na milango pia hawezi kuitilia sahihi. Ametupa hadi Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Milango ikiwepo, vema. Isipokuwepo, wabomoaji watakuja Jumatatu yake.

Jumapili, 6 Juni, Pentekoste

Hatukusemezana njiani kwenda Pugu wala kurudi. Tulipofika nyumbani nilimwekea chakula, nikakaa mbele yake.

"Leodegar. Milango iko wapi?"

Hakujifanya haelewi. Kwa hilo peke yake nitamheshimu.

"Ghalani Yombo. Salama. Hakuna kilichouzwa hata kengele."

"Kwa nini?"

"Meneja alisema shamba likifungwa bila kubakiza jengo wala deni kwa watu, kazi ya Moshi ni yangu. Wakubwa walishawaahidi ninyi, hakuweza kukataa. Akasema tu, kama jengo likiwa gofu lenyewe, basi."

"Ukalifanya gofu lenyewe."

"Auleria, nikuulize nami." Alisukuma sahani. "Ungekuwa na chumba chako hapa, wanawake wako, kazi yako. Nikakuambia twende Moshi. Ungekuja?"

Nilifikiri. Alistahili jibu la kweli.

"Nisingekuja."

"Basi," akasema. "Mimi nilijua hivyo tangu tarehe moja Machi. Ulipokuwa unasikiliza barua ile, sura yako... Mimi sijawahi kutazamwa hivyo."

Nikamwambia kwamba kwa sura ile alikuwa anatazamwa Rosalia, aliyekufa. Akafunika uso kwa mikono. Nilitaka kumshika bega na nilitaka kumpiga, sikufanya lolote.

"Na Albano? Ulisimama nyuma yangu, ukanisikia nikimwita mwizi."

"Nilikusikia. Lakini Auleria, mimi sikulisema neno hilo. Ulilisema wewe."

Ndilo jambo baya kuliko yote aliyowahi kuniambia, kwa kuwa ni kweli.

Jumatatu, 7 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Pazi nimemwambia. Sikuketi. Akasema, "Mwanangu, mie nilizaliwa hapa. Nimemwona Mjerumani akija na akiondoka. Sijawahi kuona mtu akileta kesi ya nyumba yake mwenyewe kwa jumbe." Kisha akasema atakwenda mwenyewe kwa mkaguzi. Nikamwomba kitu kimoja, watu wasiambiwe kabla sijamwona Albano.

Jumanne, 8 Juni

Temeke. Banda la maseremala liko nyuma ya soko. Nilimkuta amekaa juu ya gogo anachimba kinu kwa patasi.

"Shikamoo, Mzee Albano."

Alichimba mara tatu nne. "Marahaba."

Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Ulijua," nikasema.

"Niliwaona siku ya kengele. Mumeo na dereva na watu wawili wa ghalani. Siku ya mlango nilifuata alama za lori kwa miguu hadi Yombo, nikaona walipouweka. Umelazwa vizuri, juu ya vipande vya mbao, haugusi chini. Nikasema, mtu anayelaza mlango hivyo hajawa mwizi kamili. Nikangoja."

"Kwa nini hukusema? Watu ishirini walikuwa pale!"

"Ningekwambia ni mumeo, ungeniamini?"

Nikapiga magoti pale kwenye takataka za mbao nikamwomba msamaha. Maseremala wengine wakaacha misumeno. Akasema, "Nyanyuka, mama. Nilishakusamehe, ilinibidi, nisingeweza kupokea komunyo. Lakini Kipawa sirudi kwa msamaha wa huku Temeke. Hukuniita mwizi Temeke."

Nilielewa anachotaka.

Alhamisi, 10 Juni

Mzee Pazi amerudi. Mkaguzi kasema Kampuni haitashtaki mtu na haitaki kesi, lakini milango haitoki ghalani bila hati ya karani.

Karani ni Leodegar.

Jumatatu, 14 Juni

Leodegar hajaandika hati. Tunakula hatusemi. Mvua imekwisha kabisa. Majani yameanza kunuka kiangazi.

Jumatano, 16 Juni

Niliporudi kutoka mjini nilikuta sanduku lake halipo. Majirani wanasema Moshi wamemkatalia cheo, amekwenda kama karani wa kawaida. Hapa hawezi kubaki. Juu ya meza alikuwa ameacha hati, imeandikwa vizuri, na sahihi yake yote: kengele moja, mabomba mawili, milango mitatu ya mvule, virudishwe Kipawa. Hakuacha neno lingine. Nilitafuta hata chini ya godoro.

Nimelia. Siandiki kwamba sikulia.

Ijumaa, 18 Juni

Vitu vimeletwa na lori lile lile. Dereva hakunipungia mkono.

Tulijaribu kuuweka mlango mmoja. Wanaume sita, na haukuingia. Kizingiti kimevimba kwa mvua, bawaba hazikutani. Fundi chokaa anasema unahitaji mtu anayeujua. Nimemtuma Anastasia kwa basi la Temeke, tumbo lake limekuwa kubwa, lakini alisema, "Mimi atanisikiliza. Mimi wa kwao."

Jumamosi, 19 Juni

Alikuja. Saa moja asubuhi alikuwa amesimama relini, na mfuko wa zana, hakukanyaga baraza. Watu walimwona wakaanza kunung'unika, kwani walikuwa hawajui.

Nilipanda ngazi hadi pale pale. Nikasema, "Siku ya tarehe thelathini Aprili nilisimama hapa nikamwita Mzee Albano mwizi. Nilisema uongo. Aliyechukua milango ni mume wangu, Leodegar, na barua ile aliiandika yeye. Nilipoiona nilizijua herufi zake, nikanyamaza, mkamtaja mzee tena, nikanyamaza tena. Yeye aliificha taa na kufuli ili visiibwe. Sina mtu mwingine wa kumlaumu."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mwanamke mmoja aliondoka akiwa amejifunika khanga usoni. Nadhani harudi kwangu, hata akiwa na uchungu wa kuzaa. Mzee Pazi alitazama chini. Nilibaki pale juu nisijue pa kuweka mikono.

Ndipo Albano akapanda ngazi, akapita karibu nami, akaweka mfuko wake chini. Akapapasa kizingiti kwa kiganja, akakinusa. Akatoa randa, akakipunguza upande mmoja, taratibu, maranda mekundu yakianguka miguuni pangu. Akaweka bawaba, akazigeuza, zile za juu zilikuwa zimewekwa chini na sisi hatukujua. Mlango wa kwanza ukaingia kama kisu kwenye ala. Wa pili ukaingia. Jua lilikuwa limepanda.

Kwa ule wa tatu alisimama, akafuta jasho, akawatazama watu. "Huu unavuta kushoto. Nataka mtu wa kunishikia wakati nakaza."

Wanaume wawili wakasogea. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea spana mimi.

Nikaenda nikaushika mlango. Uzito wote ulinijia kifuani; nilidhani nitaanguka nao. "Usiuvute," akasema. "Ubebe tu." Nikaubeba. Alikaza bolti ya kwanza, ya pili, na katikati ya bolti ya tatu nikasikia watu wanapisha njia. Mkaguzi alikuwa amefika na jalada lake. Alituona, mimi na mzee na mlango uliosimama nusu, akavua kofia, akakaa kwenye ukingo wa baraza kungoja tumalize.